Mkono wa Mwalimu wa Maktaba

Chumba kile kilinuka fimbo. Huenda msomaji hajawahi kufikiri kwamba fimbo zina harufu yake, lakini sisi tuliosoma kwenye mteremko wa kusini-magharibi wa Mlima Meru, juu ya mahali ambapo leo mji wa Arusha umepanda na kutukuta, tuliijua kama tulivyojua harufu ya maziwa. Zilikuwa fimbo za mpera, zilizokatwa mbichi na kulowekwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi ili zisikauke upesi na kuvunjika, na mlango ulipofunguliwa asubuhi zilitoa harufu ya tunda lililochacha. Nyuma ya ndoo kulikuwa na majembe ya shule, magunia ya mahindi yaliyoliwa na dumuzi, mavi ya popo, na nyuma kabisa, ukutani, masanduku ya vitabu yaliyopigiliwa misumari. Mwalimu mkuu aliyafunga ili vitabu visichafuliwe na mikono yetu, maana mikono yetu ilikuwa na samli na udongo na ukoko wa loshoro, chakula chetu cha mahindi na mtindi. Mlangoni paliandikwa MAKTABA kwa rangi nyeupe. Lakini mtoto aliyeambiwa "nenda maktaba" alijua kwamba ametumwa kwenda kujichagulia kiboko atakachochapwa nacho.

Tulipigwa kwa kuchelewa, kwa kuchafuka, kwa kucheka mstarini, na zaidi ya yote kwa kuongea Kimaasai, lugha yetu sisi Waarusha. Kiswahili tulikikuta shuleni kama mgeni anavyokikuta kitanda cha ugenini, hajui aweke wapi kichwa na wapi miguu. Wengi wetu tulifika darasa la tatu tukiimba kurasa nzima kwa sauti bila kujua hata neno moja linasema nini. Nyumbani nako tulipigwa, maana wazee waliamini samaki hukunjwa angali mbichi. Baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa na aliyeshika sahani ya sadaka kila Jumapili kwa mikono iliyotulia, alikuwa na mkanda uliotulia vilevile juu ya msumari wake, na tulijua siku zake za kushuka. Sisemi haya kwa kulalamika. Mungu amenijalia uzee, meno kadhaa na kumbukumbu, na kwa vyote vitatu ninamshukuru. Nasema tu ili ieleweke kwamba mwaka ninaousimulia haukuanza kuwa mkali. Ulikuta ukali umekwisha keti na kuvuta kigoda.

Mwalimu aliyeogopwa kuliko wote alikuwa mwanamke. Aliitwa Mwalimu Eliwaza, mzaliwa wa Kilimanjaro, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndizi tangu utotoni. Alitufundisha hesabu na hakuwa na mzaha hata wa bahati mbaya. Kaka yangu Loishiye, aliyekuwa darasa la sita na tayari ana sauti ya kiume, alichelewa asubuhi moja ya kiangazi kwa sababu zamu yetu ya maji ya mfereji iliangukia alfajiri, na mtu asipokesha na zamu yake, jirani huyageuza maji yaingie shambani kwake. Alifika mbio, miguu imejaa tope. Mwalimu Eliwaza alimlaza mbele ya mstari wa shule nzima akaanza kumchapa. Loishiye alivumilia kama wavulana wetu walivyofunzwa, kisha alipoona mwalimu hahesabu tena, akanyoosha mkono, akang'oa nyasi za uwanjani, akaziinua juu zikiwa zimejaa kwenye ngumi.

Kwetu, mtu akishika nyasi hapigwi. Ng'ombe huishi kwa nyasi na sisi huishi kwa ng'ombe, na anayepigwa akiziinua anasema: uhai huu ni wa Mungu, basi yatosha. Hata baba, akiwa katikati ya hasira, akiona majani kwenye ngumi ya mtoto aliuacha mkanda uanguke. Tulingoja fimbo ianguke. Mwalimu Eliwaza alizitazama zile nyasi, uso ukamwiva.

"Unanipa majani?" alisema. "Mimi ng'ombe wako?"

Akaupiga ule mkono ulioshika nyasi, akaupiga tena na tena palepale kwenye kifundo, mpaka tukasikia mlio kama wa bua la mahindi likikanyagwa. Nyasi zikatawanyika. Loishiye hakulia. Aliutazama mkono wake ulivyoning'inia, kisha akamtazama mwalimu, na mimi nilikuwa karibu vya kutosha kuona kwamba alikuwa anamkariri.

Kabla ya adhuhuri kina baba walikuwa wameshuka kutoka kwenye migomba na mashamba ya kahawa wakiwa na marungu. Walivunja madirisha ya ofisi, wakamtoa mwalimu mkuu kwa ukosi wa shati, wakampiga vibao mbele ya wanafunzi wake, na mama mmoja mzee akamtemea mate, si yale mate ya baraka tunayowatemea watoto. Mwalimu Eliwaza alifungiwa kwenye chumba cha fimbo kwa usalama wake mwenyewe, na mawe yakapiga bati la paa lile hadi jioni. Wazee wa rika walipofanikiwa kuwarudisha watu nyumbani, mwalimu mkuu, jicho limevimba, alitoa uamuzi wa haraka wa mtu anayetaka kuishi: mama huyu asishike tena chaki wala fimbo. Akae kwenye chumba kilekile alichojificha, atunze vitabu, mpaka wakubwa wa elimu watakaposema vinginevyo. Hivyo ndivyo shule yetu ilivyopata mkutubi. Alipewa maktaba kama mtu anavyopewa kifungo.

Kwa majuma kadhaa hatukumwona ila mgongo wake. Alibandua misumari ya masanduku kwa jembe. Vitabu vilikuwa vimeliwa na mchwa pembeni, vingine vimegandamana kwa unyevu, na yeye alivitandaza juani kama watu wanavyoanika maharage. Kisha akaanza kuvitibu. Alichemsha gundi ya unga wa ngano ndani ya sufuria, akakata karatasi ngumu za mifuko ya saruji, akatengeneza majalada mapya. Asubuhi moja mwalimu wa zamu, kijana mfupi aliyependa kutembea na miwani ya jua, alikuja kuchukua kiboko akakuta ndoo iko tupu.

"Dada Eliwaza, fimbo ziko wapi?"

"Zinachemsha gundi."

Aliinama akachungulia mafigani. Mpera ulikuwa unawaka vizuri sana.

"Umechoma mali ya serikali!"

"Basi kaishtaki sufuria," alijibu bila kugeuka, na sisi tuliokuwa tunapita na maji tukakimbia ili tusionekane tunacheka. Yule kijana alikata fimbo nyingine mchana uleule, kwa hiyo hapakuwa na ukombozi wowote. Kipigo kilihamia ofisini tu. Lakini chumba kile kilianza kunuka unga uliopikwa, na mtoto aliyeshiba loshoro asubuhi hata yeye alitamani kupita karibu nacho.

Mimi nilipelekwa huko kwa sababu nilikuwa mjinga. Walimu wangu walikwisha kunipiga kwa kutosoma hadi wakachoka, na mmoja akasema, "Mpelekeni kwa yule mvunja mikono, labda ataogopa." Nilikwenda pamoja na rafiki yangu Ng'aida, msichana mwenye pengo kubwa la meno aliyekuwa mjinga kama mimi ila mchangamfu zaidi. Mwalimu Eliwaza alinipa kitabu chembamba chenye hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa. Niliimba ukurasa mzima kama kawaida yetu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Fisi amefanya nini?" aliuliza.

Nikaanza kunyoosha kiganja ili anipige tuyamalize. Alikitazama kiganja changu, mikono yake mwenyewe ameificha kwenye kanga. Kisha akanionyesha maneno kwa kidole, moja moja, akaniigizia: akachechemea kama fisi, akajilamba midomo, akabeba mbuzi wa uongo begani. Mwalimu Eliwaza yule! Nilipoelewa kwamba fisi alibeba mahari akaila njiani, kisha akafika kwa wakwe akasema kwa adabu zote, "Mahari imekuja, ila iko tumboni," nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona, kwamba zile alama nyeusi zilikuwa zimeficha mtu anayefanya mzaha.

"Sasa mwambie mwenzako," akasema. "Kwa lugha yenu."

Nikadhani ni mtego. Kimaasai kilikuwa na kiboko chake. "Mimi siijui hata kidogo," akaongeza, "basi usinidanganye. Nitamwangalia huyu mwenye pengo. Akicheka mahali pa kucheka, umeelewa ulichosoma. Akicheka mahali pengine, utarudia."

Huo ndio ulikuwa ufundi wake wote, na hadi leo sijaona mwingine unaoushinda. Mtoto alisoma kwa Kiswahili, akamgeukia mwenzake akasimulia kwa Kimaasai, na mkutubi, asiyejua hata neno moja la maelezo yetu, alitazama uso wa msikilizaji kama mpishi anavyotazama chungu. Ng'aida alicheka nilipofika kwenye tumbo la fisi hadi akakohoa. Siku nyingine alicheka mahali pasipostahili, na mwalimu akanirudisha kwenye sentensi ileile, na kweli nilikuwa nimekosea: nilimfanya mama mkwe ndiye aliyeliwa. Watoto wakaongezeka. Tulikaa juu ya magunia wawili wawili, chumba kikavuma kama mzinga, na ile lugha tuliyochapwa kwa ajili yake nje ikawa ndani ndiyo daraja la kuvukia. Kiangazi kilipoisha nilikuwa nasoma. Nilisoma magazeti yaliyofungia chumvi, nilisoma maandishi ya magunia, nilimsomea mama mistari ya ibada jioni, naye akanishika kichwa akasema, "Asante Mungu." Hakusema, "Asante mwalimu." Nyumbani kwetu jina hilo halikutajwa.

Kwa maana mkono wa Loishiye ulipona vibaya. Mganga wa mifupa aliufunga kwa vijiti, lakini kifundo kiligeuka kikatazama nje, na vidole viwili havikukunjika tena. Hakurudi shuleni. Hakuweza kukamua vizuri wala kushika shoka. Baba aliacha kushiriki Meza ya Bwana kila alipomwona mwalimu kanisani. "Siwezi kula na fimbo," alimwambia mchungaji, akabaki amekaa kwenye benchi lake huku sahani ya sadaka ikishikwa na mwingine. Kisha msimu wa jando ukafika, Loishiye akatahiriwa pamoja na rika lake, na kama desturi yetu ilivyo wakavaa nguo nyeusi, wakajipaka chokaa usoni, wakawa wanazunguka na pinde wakipiga ndege na kuwavaa kichwani kama taji. Wenzake walikuwa na mataji mazito. Yeye, kwa mkono ule, hakuweza kuvuta upinde, akavaa ndege aliopewa. Layoni wadogo, wavulana ambao hawajatahiriwa, walimwimbia kwa mbali, "Ndege wa sadaka! Ndege wa sadaka!" Siku moja alimkamata mmoja wao, akampiga kwa mkono wa kushoto hadi tukamtoa juu yake watu wazima kwa watoto, na damu ya yule mtoto ilikuwa kwenye chokaa ya uso wake.

Jioni ile, nilipompelekea maziwa nje ya boma walikokuwa wakiota moto, nilimsikia akiwaambia wenzake. "Tukivua nyeusi na kupaka nyekundu ya morani, sitaanza na wali wa sherehe. Nitaanza na yule mwanamke. Mkono kwa mkono." Wenzake waliunguruma kuitikia. Mmoja wao, jitu lenye shingo nene na nguvu nyingi, jina lake Sangau, akasema, "Na lile banda lake la makaratasi tutalipa moto." Nilikiweka kibuyu chini polepole. Nilikuwa nimepata dirisha moja katika dunia, na ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa na kila haki ya kulivunja. Niliomba, kama mtoto anavyoomba, kwamba Mungu asinifanye nichague. Hakunijibu namna hiyo. Mara nyingi hajibu namna hiyo.

Nilimwambia mwalimu, maana baba nilijua angekaa kimya. Nilisimama mlangoni wengine wakiwa mapumzikoni, nikasema, "Shikamoo mwalimu. Kaka yangu anakuja kukuvunja mkono."

"Marahaba," alisema, akaendelea kupaka gundi. "Lini?"

"Wakivua nyeusi. Wengine watachoma vitabu. Rudi kwenu Kilimanjaro, mwalimu."

"Na vitabu nivibebe kichwani?" Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likafa. "Kwa nini yeye hakulia siku ile? Nimemchapa mpaka mfupa, hakulia. Alinionyesha majani tu. Kila siku namwona na majani yale. Alitaka kuniambia nini?"

Nikatambua kwamba katika miezi yote ile, katika mawe na matusi na vibao, hakuna mtu aliyemwambia. Sisi tulidhani hakuna binadamu asiyejua maana ya nyasi. Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili changu kipya, nikitafuta maneno, na nilipomaliza alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, brashi ya gundi imeanguka mapajani.

"Ruwa wangu," alisema kwa Kichaga, akimwita Mungu. "Aliniomba kwa Mungu, nami nikampiga palepale alipoombea."

Walikuja asubuhi, jua limetoka, wala hawakujificha. Tulisikia kwanza wimbo wao wa koo, ule unaotoka chini ya kifua, kisha tukawaona wanapanda njia ya mfereji, wamepaka udongo mwekundu na mafuta, shuka zinapepea. Mwalimu wa zamu mwenye miwani ya jua alikwenda kuwazuia. Rungu moja lilimpata sikioni, akaanguka na hakuinuka tena hadi yalipokwisha. Mwalimu mkuu alipita upande wa vyoo akatokomea kwenye kahawa. Madarasa yalitapika watoto, kelele zikajaa uwanja, vioo vilivyokuwa vimerudishwa vikavunjwa upya. Sisi wa maktaba hatukukimbia, si kwa ujasiri, ila kwa sababu mlango ulikuwa mmoja na Loishiye alikuwa amesimama ndani yake.

Asubuhi ile nilikuwa nimeng'oa nyasi nikaziweka juu ya meza ya mwalimu, na nikamkumbusha kwa macho. Alizisogeza kando. "Hizi si zangu," aliniambia. "Za kwake nilizikataa." Alituambia tukae nyuma ya masanduku, akakunja mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya meza, ule mkono wenye madoa ya gundi uliotuonyesha maneno moja moja.

"Sikujua, mwanangu," alimwambia Loishiye. "Lakini kutojua kwangu hakukunyooshi mkono wako."

Nyuma yake wenzake walipiga kelele. "Piga! Unaongea na mwanamke? Au unaogopa fimbo?" Loishiye alikuwa analia, machozi yalichora mistari kwenye udongo mwekundu. Alihamishia rungu kwenye mkono wa kushoto. Akapiga mara moja. Sitaandika mlio ule. Mwalimu alijizuia kwa pumzi moja, kisha akapiga ukelele ambao ulitoa popo darini mchana kweupe, akateleza chini ya meza akiukumbatia mkono. Ng'aida alijikojolea. Mimi nilitambaa kutoka nyuma ya masanduku nikamkumbatia mwalimu miguu, na sikumbuki kama nilikuwa namlinda au nilikuwa nashika tu kitu kilichokuwa karibu.

Ndipo Sangau akaingia. Alipiga teke sanduku la kwanza, vitabu vikamwagika, akachana kimoja kikawa vipande viwili, akawasha kiberiti. Loishiye aliugeukia ule moto kama mtu aliyeamshwa.

"Acha."

"Nini?"

"Nilikuja kwa mkono. Nimeupata. Vitabu havikunivunja mimi."

Sangau alicheka, akashusha kiberiti kwenye karatasi. Loishiye alimpiga rungu la mdomo. Kwetu, mtu kumpiga wa rika lake aliyemwaga naye damu ya jando siku moja ni jambo ambalo hata wendawazimu huliogopa. Meno yaliruka ukutani. Wengine wakaingia, na ndani ya chumba kile kidogo walipigana wekundu kwa wekundu, wakikanyaga vitabu, wakiangukia magunia, na ndugu yangu alisimama mbele ya masanduku tuliyojificha nyuma yake, akipiga kwa kushoto na kukinga kwa ule mkono uliopinda. Walimpasua paji la uso hadi mfupa ukaonekana. Alikanyaga moto kwa miguu mitupu hadi ukazima. Hakutoka mlangoni mpaka wazee walipofika wakipiga kelele na kuwatenganisha kwa fimbo zao ndefu.

Mgambo waliletwa na mwenyekiti wa kijiji mchana. Walimkuta Loishiye amekaa chini, uso umefunikwa na damu, na mwalimu amelazwa juu ya magunia, mkono umefungwa kwenye kanga. Wakamwuliza mwalimu nani amemvunja. Kina mama walikuwa wameanza kulia, kwa kuwa walijua gereza la mjini humrudisha mtu akiwa mwingine. Baba alisimama pembeni, kofia mkononi. Mwalimu Eliwaza alimwonyesha Loishiye kwa kidevu.

"Huyu kanivunja mimi. Na mimi nilimvunja yeye, kabla. Chukueni wote wawili au mtuache wote wawili."

Mkubwa wa mgambo alisema sheria haiko hivyo. "Basi ibebe sheria," alimjibu, "ila mimi nitabebwa pamoja naye, na nitakayoyasema huko ni haya haya." Walitazamana, wakatazama fimbo za wazee, wakaandika kwamba kulikuwa na vurugu, wakashuka kwenda mjini. Kesi ilikatwa na wazee wa rika. Mwalimu na Loishiye walikunywa maziwa kwenye kibuyu kimoja mbele ya watu, kila mmoja akikishika kwa mkono mzima aliobaki nao. Sangau naye alilipwa kondoo kwa meno yake, na kwa miaka mingi hakuongea na kaka yangu. Jumapili iliyofuata, mchungaji alipoalika watu mezani, baba aliinuka kwenye benchi lake, akapita safu zote hadi upande wa wanawake, akasimama karibu na yule mama wa Kilimanjaro akangoja ainuke, wakaenda mbele pamoja. Sijaona tangu hapo mahubiri marefu kuliko hatua zile.

Mkono wa mwalimu haukurudia nguvu. Aliandika kwa kushoto, kwa herufi kubwa za mtoto, na aliendelea kutunza vitabu hadi nilipomaliza darasa la saba na kwenda chuo cha dini. Loishiye hakujifunza kusoma kamwe. Alichoma mkaa, akafuga, akawa mzee anayeheshimiwa katika rika lake, na kovu la paji la uso lilimfanya aonekane daima kama mtu anayefikiri. Mwalimu Eliwaza alirudi kwao kustaafu na amekwisha tangulia mbele za haki. Nilimfundisha ibada ya maziko katekista aliyemzika, jambo ambalo Mungu pekee ndiye angeweza kulipanga.

Sasa nakaa Sombetini, mjini Arusha, kwa binti yangu, katika nyumba ambayo kila chumba kilijengwa mwaka wake, na bodaboda hupita chini ya dirisha tangu kabla ya adhana ya alfajiri na kengele ya kanisa. Vijana wa mtaa walisikia niliwahi kuwa mwalimu wa dini, wakaniomba nije kwenye shule ya msingi ya jirani kuwasomea watoto siku za Alhamisi. Maktaba yao ni nzuri kuliko ofisi za mkoa za zamani zetu. Ina vigae, ina feni, ina vitabu vya rangi vilivyoletwa na wageni, vingi vikisimulia theluji na mbwa wanaolala kitandani. Mkutubi wao ni binti mpole aliyesomea kazi hii chuoni. Wengi wa watoto wale wanazungumza Kiswahili tangu tumboni, na sihitaji kutafuta mwenye pengo wa kuwatafsiria. Nikilinganisha na chumba chetu cha popo, namshukuru Mungu na sitanii. Yapo watu wa rika langu wanaosema kipigo ndicho kilichotufanya watu. Mimi nilikuwepo. Kipigo kilimfanya kaka yangu asisome, kikamnyang'anya mwalimu mkono wake, na kama si neema kingechoma na vitabu. Tulijifunza pale ambapo kipigo kilikoma, na kilikoma kwa gharama ambayo nisingemwombea mtoto yeyote.

Lakini Alhamisi iliyopita aliingia msichana wa darasa la tatu, akakaa pembeni, kitabu kimefungwa mbele yake. Mkutubi akamwuliza kwa upole kwa nini hasomi. Mtoto akatutazama wote wawili, akapima, kisha akaitoa mikono chini ya meza. Viganja vilikuwa vimevimba, vidole havikunjiki. Alikuwa amechelewa, akasema. Maji yalikatika kwao, akaenda kisimani. Mkutubi aliinamisha macho. Nilisubiri nione kama ataondoka kwenda ofisini, na baada ya muda akaondoka, hatua zake zikasikika kwenye korido, za haraka. Sikujua atarudi na nini, wala sijui kama sauti yake ndogo itatosha. Nilivuta kiti karibu na yule mtoto, nikakifungua kile kitabu. Akaanza kusoma, polepole, na alipofika mwisho wa ukurasa akanitazama, nami nikamfunulia ukurasa uliofuata.